Herufi za Mwenye Duka la Majembe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mpiga chapa wa serikali pale Shinyanga mjini, na kazi ile haimfundishi mtu kuamini. Tulikula kiapo cha kutunza siri. Jalada likija na mhuri mwekundu unapiga, unatoa nakala, kisha karatasi ya kaboni unaipeleka mwenyewe nyuma ya jengo unaichoma, mkubwa akikuangalia kupitia dirishani. Hata utepe wa mashine tulichoma, kwa sababu mwenye macho makali anaweza kuusoma. Tuliambiwa mpiga chapa hasomi, anapiga. Thubutu! Nani aliyewahi kupiga bila kusoma? Tulisoma kila kitu, tukanyamaza.

Siku moja nikaletewa orodha ya wafanyakazi watakaopunguzwa. Nikapiga, nikapiga, nikafika jina la kumi na tisa, nikakuta ni langu. Nikalipiga bila kosa. Nikaenda kuchoma kaboni kama kawaida, nikarudi nikaketi. Tangu siku hiyo karatasi yoyote nisiyoweza kuisoma naiona kama nyoka chini ya mkeka.

Ndipo nikapata kazi kwa mzee. Alikuwa Mhindi wa Kigujarati, aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la plau, majembe na minyororo karibu na stesheni. Babu yake ndiye aliyekuja; yeye alizaliwa palepale Shinyanga, na Kisukuma chake kilikuwa kizito kuliko changu. Mkulima akiingia kutoka Tinde na vumbi lake, mzee alikuwa amekwisha kumsalimu, "Mwangaluka, bhabha!" kabla hajavuka kizingiti. Mimi aliniita mayu, yaani mama, ingawa ningeweza kuwa binti yake. Mwanawe wa pekee aliishi Mwanza, na kila alipokuja waligombana jambo lilelile. Kijana alitaka baba afunge duka ahamie kwake. Mzee alimjibu mbele yetu sote, "Nimezaliwa hapa, na hapahapa mtanichoma moto. Siku nikishindwa kujiendesha ndiyo utanibeba." Hilo ndilo alilokuwa akilitaka duniani, kubaki Shinyanga, na kila mtu mtaani alilijua.

Kompyuta ililetwa na yule mwanawe, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimejifunza kidogo kwa masista, nikaajiriwa niandike ankara na barua za Kiswahili na Kiingereza. Baadaye mzee akamwomba mwanawe amletee herufi za kwao. Kijana akaja na disketi mbili, akazipakia, akasema, "Hii sasa inajua Kigujarati."

Niliyeishi na mashine ile nawaambia haikujua chochote. Mwandiko ndani ya kompyuta unaitwa fonti. Ukichagua fonti ya kawaida, ukibonyeza A inatoka A. Ukichagua ile ya Kigujarati, A hiyohiyo inatokea kwenye skrini ikiwa na kiuno na mkia. Herufi zao ni nyingi kuliko vitufe, kwa hiyo nyingine zilijificha kwenye alama za mabano, nyingine kwenye namba, nyingine mpaka ushike Alt na kupiga tarakimu nne. Kulikuwa na alama moja ambayo wao huisoma baada ya herufi lakini mimi nilitakiwa kuipiga kabla yake. Nikikosea nafasi, mzee aliguna kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Mwanawe alikuwa amechora ramani ya vitufe kwenye kadibodi. Mzee aliichukua nyumbani, akairudisha baada ya majuma mawili akiwa ameikariri yote. Kisha tukaanza. Mimi kwenye kibodi, yeye kwenye kiti nyuma yangu, mikono ameifungia ndani ya shali, akinisomea vitufe. "K ndogo. Shifti D. Mabano ya mraba. Nane. F kubwa." Hivyo tu, ukurasa mzima, saa nzima, na mimi napiga. Alikuwa akiandika barua, alisema, kwa dada yake aliyeolewa kule India.

Haya, niambieni ninyi. Mtu ana kalamu tatu mfukoni, amesoma Kigujarati tangu utoto, anataka kumwandikia dada yake. Kwa nini asiandike kwa mkono? Kwa nini anitaabishe mimi nisiyejua hata neno moja la kwao? Jibu nililijua, au nilidhani nalijua. Ananitumia kwa sababu siwezi kusoma. Serikalini tulichoma kaboni. Huyu alikuwa amepata mpiga chapa asiyehitaji kuchomewa kitu.

Mtu akishaanza kushuku hakosi ushahidi. Mzee aliacha kunywa chai nami. Zamani tulikunywa saa nne kila siku, kikombe kwa kikombe. Sasa alisema tumbo limekataa. Moyoni nikasema anaogopa nitamtilia kitu. Wakulima walipompa mkono, aliwainamia tu na shali lake. Nikasema kiburi hicho. Hati za benki alizipeleka chumba cha ndani kuzitia sahihi, na akajifungia kwa muda ambao ningepiga kurasa mbili. Nikasema, mama wee, dalili ya mvua ni mawingu.

Kisha akaniuliza habari za kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa Rwamgasa, kule kwenye dhahabu. Yeye na wenzake watatu walikuwa na duara lao, yaani shimo la kuchimbia, walilolishusha kwa sururu na kamba miaka miwili bila kuona cha maana, na sasa mwamba ulikuwa umeanza kuwaka dhahabu. Mara akatokea mtu na karatasi akidai eneo ni lake. Walikuwa wakiishi roho juu. Mabroka, yaani madalali wa dhahabu, walikuwa na masikio kila mahali, alisema kaka, hadi Shinyanga. Basi katikati ya barua mzee ananiuliza, "Mayu, lile shimo la kaka yako limefika futi ngapi? Wameweka mbao za kuzuia ukuta?"

Mikono yangu ilisimama juu ya kibodi. Nikamjibu sijui, nikanuna mpaka jioni. Yeye akaendelea kunitajia vitufe, na mimi nikapiga nikijua, kabisa, kwamba napiga habari za duara la kaka yangu.

Nilifanya jambo ambalo sikulifanya miaka kumi na mmoja ya kiapo. Sikukuu ya Pasaka ilipokaribia, mzee alipokwenda kula, nilinakili barua zote kwenye disketi. Niliitia ndani ya kisanduku cha sabuni isiingie vumbi, nikaisafirisha kifuani hadi Mwanza, nikavuka nayo kwenye kivuko, nikafika nayo Geita, na kutoka hapo nikapanda lori la mbao hadi Rwamgasa. Nilijiambia naenda kumwokoa ndugu yangu.

Karibu na machimbo palikuwa na kambi ya watafiti wa madini, na kaka alifahamiana na karani wao wa sampuli, mtu mzima mwenye miwani na maneno mengi. Alitupitisha ofisini kwake. Akachomeka disketi, akafungua barua ya kwanza, na sisi watatu tukainama.

Hakukuwa na Kigujarati. Hakuna kiuno, hakuna mkia. Skrini ilijaa herufi za kawaida zilizochanganywa kama maharage na mchanga: K, F, mabano, D8, ;J5, nukta mkato. Mimi niliyezipiga nilijua ndizo zenyewe, kitufe kwa kitufe. Kompyuta ile haikuwa na fonti ya mzee, kwa hiyo ilionyesha vitufe vitupu. Ningesema hivyo, mambo yangekwisha. Lakini nilichofikiri mimi ni kwamba yale maua ya Kihindi yalikuwa koti tu, na sasa koti limevuliwa.

"Hili ni fumbo," alisema karani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota dhahabu. "Mnaona? D8. D5. F8. Hivi ni vitalu. Na angalia juu." Akafungua ya pili, ya tatu, ya saba. Kila barua ilianza kwa mstari uleule mfupi, peke yake, katikati ya karatasi. "Hiyo ni alama ya genge lao. Barua za kawaida hazina kitu kama hicho."

Kaka akaweka kidole kwenye skrini. Kisha akasema, "D5 ndiyo sisi. Kwenye ramani ya yule mwenye karatasi tumeandikwa D5." Jamani! Nilikuwa nimeogopa, na nilikuwa nimefurahi pia, mtaniwia radhi. Mtu mwenye shuku akiambiwa alikuwa na haki husikia utamu.

Karani akasema tumwachie yeye. Akabaki na disketi.

Hazikupita siku kumi, wakaingia dukani wanaume wawili waliovaa kiraia, wenye viatu vya askari. Mzee alikuwa kaunta. Walimsalimu kwa adabu, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, kisha wakaweka mbele yake mafungu ya karatasi zilizochapwa zile herufi za fujo, na juu yake disketi. Loo! Niliiona disketi nikatamani ardhi ipasuke. Kwa mazoea ya masjala, bila hata kufikiri, nilikuwa nimeibandika lebo nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule: Barua, nakala ya pili.

Mzee aliitazama lebo ile. Akainua macho akanitazama mimi, mara moja, kisha akawarudia wageni.

Walimuuliza haya ni maandishi gani. Akasema Kigujarati. Wakacheka. "Mzee, sisi tumesoma. Hii ni A B C D." Akajaribu kueleza fonti, na mnajua mtu anayeeleza kitu cha kweli kisichosikika kama kweli anavyoonekana. Mkubwa wao akachoka. Akatoa kalamu na karatasi safi, akaisukuma juu ya kaunta. "Basi andika hapa. Kwa mkono. Andika mstari huu wa juu, unaorudiwa kila barua, tuone hicho Kigujarati chako."

Mzee hakusogea. Wakamwambia tena. Ndipo akafungua shali, akatoa mikono.

Ilikuwa ikitetemeka. Si kutetemeka kwa baridi. Ilikuwa ikiruka, kama kuku aliyefungwa miguu. Alishika kalamu ikamponyoka. Akaishika tena kwa mikono miwili, ncha ikagonga karatasi, tap tap tap, ikachora mikwaruzo tu. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa juu ya mikono ile, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mbona unatetemeka, mzee?" akauliza yule mkubwa. "Asiye na hatia hatetemeki."

Hapo ndipo nilipoelewa chai. Nikaelewa kupeana mkono, na chumba cha ndani, na kukariri ramani nzima ya vitufe. Mzee alikuwa mgonjwa wa mikono na alikuwa akimficha mwanawe, na mtaa, na dada yake, kwa sababu siku ikijulikana hawezi hata kutia sahihi yake, angebebwa. Na mimi mjuaji, mtoto wa masjala, nilikuwa nimekaa mbele yake mwaka mzima na miezi kadhaa, nikaona kila dalili, nikaisoma kila moja kombo.

Nikapiga kelele. Nilisema, "Hebu ngojeni! Ngojeni kwanza, baba zangu!" Nikachukua disketi bila ruhusa, nikaichomeka kwenye mashine yetu. Fujo ileile ikatokea, maana karani alikuwa ameihifadhi upya kwa fonti ya kawaida. Nikawaambia waangalie. Nikaiwekea kivuli barua nzima, nikachagua fonti ya mzee, nikabonyeza. Herufi zote zikageuka mara moja, na ukurasa ukajaa Kigujarati. Yule mdogo akaruka nyuma, akasema, "Mwe!"

Mkubwa hakuruka. "Zinapendeza," alisema. "Lakini unasema nini? Na yeye mwenyewe sitaki asome."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwenye duka la vitambaa, Mhindi pia ila Mwislamu, ambaye nyumbani kwao walisema na kuandika Kigujarati hichohicho. Yeye na mzee hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kwa sababu ya mfereji wa maji machafu. Mkubwa alipolisikia hilo akafurahi. Adui hawezi kumfichia adui. Wakamleta, mzee wakamketisha stoo kati ya plau, mlango wazi.

Jirani alivaa miwani akakaribia skrini. Wakamwonyesha kwanza ule mstari wa juu. Hii alama ya genge ni nini?

"Genge?" Akawatazama kama wamelewa. "Hili ni jina la Mungu wao. Sisi tunaanza barua kwa la kwetu, wao wanaanza kwa la kwao. Utaandikaje barua bila kutanguliza Mungu?"

Kisha akasoma, akitutafsiria polepole. Mvua imechelewa Shinyanga. Pamba haijasimama vizuri na wakulima hawanunui plau. Nimenunua mashine ya kuandikia, dada, na naipenda kama mtoto anavyopenda gari la waya, ndiyo sababu siku hizi huoni mwandiko wangu, usinicheke. Hapo jirani aliacha kusoma. Aligeuka akatazama stoo, mahali mzee alipokaa, mikono yake wazi juu ya magoti ikiruka. Akavua miwani akaifuta, akaivaa. Akaendelea kusoma. Yupo mama mmoja anayenipigia chapa. Akikosea anapiga kelele kama kuku anayetaga. Ana kaka yake anayechimba shimo refu kule kwenye dhahabu. Nilimuuliza limefika futi ngapi na kama lina mbao akaninunia. Naona anaogopa kulitaja. Mwashie kaka yake taa ya sala, dada, unapowasha zetu.

Niliketi sakafuni.

Wale wanaume walikusanya karatasi zao. Mkubwa aliomba radhi kwa mzee, kwa heshima, nasema kweli. Wakaondoka. Mzee alikuwa huru, na ilikuwa kama amefungwa, kwa sababu jirani alikuwa ameona. Jirani hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia kuinuka, akamfunga shali mwenyewe, wakasema maneno ya kwao kwa sauti ya chini, mara ya kwanza kwa miaka. Kisha akavuka barabara akampigia simu kijana Mwanza, kama ambavyo mtu mwema yeyote angefanya.

Kijana alikuja Jumamosi. Hawakugombana safari hii. Aliona baba yake akishindwa kufunga kifungo cha shati, akatoka nje akasimama kwenye jua. Wakakubaliana juma moja la kufunga duka, kisha Mwanza, kisha hospitali ng'ambo. Wakulima walikuja kuaga, na sasa mzee aliwapa mkono, mikono ikiruka ndani ya mikono yao, na wao wakaishika kwa miwili.

Kaka nilimtumia ujumbe kwa dereva wa lori: mzee hana hatia, tafuta adui yako kwingine. Yule mwenye karatasi, mzee hakuwahi hata kumsikia.

Siku ya mwisho mzee aliniita kwenye kompyuta. Alitaka barua moja zaidi. Nikaketi, yeye nyuma yangu, lakini sikuwasha. Nikamwambia bila kugeuka, "Mzee, ni mimi."

"Najua, mayu. Mwandiko wako mzuri."

"Ulijua tangu siku ile na hukusema?"

"Na mimi nilikushuku." Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Barua sita za kwanza hazikuwa barua. Nilikuwa nakutajia sala kutoka kitabuni, halafu nangoja nisikie kama kuna mtu mtaani anaziulizia. Hakuna aliyeuliza. Basi nikaanza kumwandikia dada."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kamasi. Nikamwambia, "Mwambie dada yako ukweli. Mwambie mikono, na mwambie aliyekutoa Shinyanga ni mimi. Nitajie vitufe, nitapiga mwenyewe."

"Mikono nitamwambia," alisema. "Wewe sitakutaja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hayo mengine yote ameyapata kupitia vidole vyako. Nikimwambia vidole hivyo si vya kuaminika, atazitoa barua zote sandukuni, aanze kujiuliza ipi ni ya kaka yake na ipi si yake. Ni mzee kama mimi. Hana kingine changu."

Nikawasha mashine. Akanitajia jina la Mungu wake, nikalipiga katikati, juu. Kisha akanitajia barua nzima, na sikukosea hata mara moja.

Nakala yake ninayo mpaka leo, iliyochapwa. Jirani wa vitambaa yupo, na angenisomea kwa dakika tano nikajua kama mzee alinitaja au hakunitaja. Sijampelekea.